Jogoo Juu ya Uso wa Baba

Kwa wewe ambaye gazeti la juma lililopita liliazimwa na jirani "dakika moja tu" na sasa limetandikwa kwenye kabati lake la vyombo, usisononeke. Habari iliishia hapa: saa mbili asubuhi, ndani ya karakana ya wachoraji ambayo zamani ilikuwa kiwanda cha sabuni, binti tunayemwita Kobe aligeuza fremu yake ili aitazame picha ya baba yake, ambayo alikuwa akiichora kwa miezi kumi na moja. Badala ya baba, akakuta jogoo.

Jogoo mzima, msomaji. Kifua mbele, kishungi chekundu, mkia umejikunja kama mpini wa birika. Chini ya miguu yake, kwa herufi zilizonenepa: KUKU WA UHAKIKA.

Na baba mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, alikuwa njiani. Alisema atafika saa nne.

Kobe hakupiga kelele. Alifanya anachofanya siku zote jambo likimfika: alisimama. Mama Udongo, mfinyanzi anayeshika funguo za karakana, aliliacha gurudumu lake lizunguke peke yake, akaja kusimama nyuma ya binti, mikono imejaa matope mpaka viwikoni. Akatazama. Akainamisha kichwa upande wa kulia, kisha upande wa kushoto.

"Baba yako amebadilika," alisema.

Usimlaumu. Mama Udongo akiogopa hutania, na asubuhi hiyo aliogopa kweli, kwa sababu alijua kilichokuwa mezani. Baba yake Kobe ana duka la misumari, saruji na mabati. Mwaka mmoja uliopita alimwita bintiye nyuma ya kaunta, akamwambia hivi: nenda kachore, nakupa mwaka, lakini siku ya mwisho nitakuja kwa miguu yangu unionyeshe kitu kimoja ulichokimaliza. Kimoja tu. Kama hakipo, Jumatatu utasimama kaunta hii na hutaondoka tena.

Kitu kimoja si kingi. Lakini huyu ni Kobe, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumaliza hata kikombe cha chai. Pua ya baba yake aliichora miezi miwili. Mimi, kwa umri nilio nao, sina sababu ya kusema uongo mdogo: kuna mjusi aliyezaliwa kwenye ukuta ule, akaoa, akazaa, akazeeka na kufa, na pua ilikuwa bado inangoja tundu la pili.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Leo ilikuwa Ijumaa.

Sasa, karakana ile ina wachoraji wengi wanaoingia na kutoka, lakini mwenye kuchora majogoo ni mmoja tu. Mama Udongo alitoka kwenda uani, akamkuta penye bomba akiosha brashi zake huku akipiga mluzi, akamshika mkono wa shati na kumvuta ndani kama mbuzi aliyekutwa shambani.

Huyo ni Fundi Vibao. Miaka arobaini anachora vibao vya maduka, na kwa kasi hana mpinzani. Inasemekana aliwahi kuandika kibao cha kinyozi huku kinyozi akimnyoa, na kibao kikakauka kabla upande wa pili wa kichwa haujaguswa. Huchora chochote: tairi, jino, cherehani, samaki. Kimoja tu hachori, sura ya mtu. Ukimuuliza sababu husema jogoo halalamiki, lakini mtu atakwambia masikio yake si hayo.

Kwa Kobe alikuwa hakauki ulimi. Kila asubuhi alipopita nyuma yake na kopo la rangi alimwonya kwamba huyo baba, akija kukamilika, atakuwa keshakuwa babu.

Asubuhi hiyo Vibao alipofikishwa mbele ya fremu hakukana. Alivimba.

"Mmemwona?" aliuliza. "Jogoo la shamba haliwiki mjini, wanasema. Huyu atawika. Nimemchora alfajiri, kwa saa moja, na tangu nishike brashi sijapata jogoo kama huyu."

Kisha akauona uso wa Kobe, na kifua chake kikashuka polepole kama unga uliokosa hamira.

Hapa lazima nikueleze jambo moja la karakana hii, maana bila hilo utamhukumu mzee wa watu bure. Upande wa nyuma, yalipokuwa mapipa ya sabuni, kuna ukuta mrefu unaoitwa Ukuta wa Yatima. Mchoraji akishindwa na kazi yake, huipeleka pale na kuigeuza, uso wake utazame ukuta. Hiyo ni lugha. Maana yake: nimeshindwa, anayeihitaji na aichukue. Mwenye kuichukua haombi ruhusa, wala haulizi ya nani, wala hacheki. Huchora chake juu yake, basi. Hivyo kanvasi hazipotei na aibu haitangazwi. Picha moja ya ngalawa imeshalala chini ya mananasi, chini ya harusi, chini ya meno ya daktari wa meno.

Ni fremu moja tu ambayo haikuwahi kuguswa pale: iko kona ya mwisho, imevikwa gunia la unga. Vibao amewaambia wote kwamba ile imeliwa na mchwa, isisogezwe, itamwagika.

Basi Vibao akala yamini kwamba alfajiri aliikuta kanvasi ya Kobe kwenye Ukuta wa Yatima, imegeuzwa. Alishangaa, alisema. Alisimama pale hata rangi ikaanza kuganda kwenye brashi. Lakini sheria inasema usiulize, na mteja wake alikuwa anazindua kibanda leo hii.

Mama Udongo alitaka kujua nani aliigeuza. Vibao akasema mwenye funguo ni yeye Mama Udongo, na mwenye vumbi la udongo linaloruka kila mahali ni yeye huyo huyo, huenda aliisogeza akifagia. Ndipo akapewa vipande vyake. Akaambiwa kwamba mkono wake mwepesi ungechora jogoo hata mgongoni mwa hakimu, na kwamba tangu siku Mama Udongo alipohamia hapa na gurudumu lake, miaka mitano iliyopita, siku walipoonana kwa mara ya kwanza pale mlangoni, hajawahi kumwona akitazama mara mbili kitu anachokipaka. Vibao akajibu kwamba yeye hutazama. Mama Udongo akasema haoni dalili.

"Niliigeuza mimi," Kobe alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

Alieleza kwa sauti ndogo, na kwa mwendo wake, yaani polepole. Jana jioni kazi ilikuwa imebaki mdomo tu. Macho yalikuwa yamekaa, pua ilikuwa imekaa, hata kola ya shati ilikuwa na doa lake la saruji. Lakini mdomo ulikuwa umenuna, na yeye akaogopa kumwonyesha baba mdomo ulionuna. Akaufuta kwa kitambaa, akamchorea tabasamu. Tabasamu lilipokaa, baba akawa mtu mwingine, kama wale wanaume wa kwenye kalenda za duka la dawa. Alilitazama mpaka mwanga ukaisha. Kisha akaibeba fremu mwenyewe, akaigeuza ukutani mwenyewe, akaenda nyumbani kujizoeza kusema "karibu mteja."

"Na asubuhi?" Mama Udongo aliuliza.

"Asubuhi nikaona afadhali aione mbaya kuliko asiione kabisa. Nikaja nikikimbia kuitoa."

"Wewe ulikimbia?" Vibao aliuliza, na kwa kweli alikuwa anauliza tu.

Ilikuwa saa mbili na nusu.

Wengine wangekaa chini walie. Mama Udongo alichovya kidole pembeni mwa mkia wa jogoo. Kidole kikatoka chekundu. Akakinusa, akamtazama Vibao, na Vibao akaelewa kabla hajaambiwa, kwa sababu mambo ya rangi anayajua kuliko majina ya wajukuu zake.

Rangi ya Vibao ni ya kopo, ile ya milango na vibao. Imepakwa alfajiri, na mpaka saa nne hivi itakuwa bado inanata. Rangi ya Kobe ni ya vile vijichupa vya kukamua, na kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa bado mbichi chini yake, vyote vingetoka pamoja. Lakini hili shavu lilichorwa lini? Mwezi wa tatu. Sikio? Wa tano. Pua mnayoicheka wote? Ilikuwa imekauka kama mkate wa mwaka jana. Ukifuta taratibu, jogoo anatoka, baba anabaki.

Uvivu ambao watu walimsema kwa mwaka mzima ulikuwa umemwekea ukuta wa mawe chini ya yule ndege.

Vibao akanyoosha mkono kuchukua thina. Akapigwa kofi la mkono, tope likamrukia usoni. Thina inakula kila kitu, Mama Udongo alimkumbusha, itamla jogoo na baba na fremu. Mafuta ya taa. Na kitambaa laini.

Mafuta yakapatikana. Kitambaa kikapatikana, shati kuukuu la mtu ambaye hajalitafuta mpaka leo. Vibao akakilowesha, akasogea, akainua mkono. Mkono ukabaki hewani.

"Nisubirini kidogo," alisema. "Nimtazame mara ya mwisho."

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kiuno, na akaingia mwanamke mwenye kuku wawili hai, kila mmoja chini ya kwapa lake.

Ni nani mwingine kama si mteja? Mama Kuku, mwuzaji wa kuku, mwenye kibanda kipya kinachozinduliwa leo hii, mwenye jogoo wake. Aliwaweka kuku chini, akajifuta manyoya, akainua macho kwenye fremu, na akasahau kusalimu.

Alimtazama jogoo. Akasogea kushoto, akaona jogoo anamfuata kwa jicho. Akasogea kulia, akaona vile vile. Akaweka mkono kifuani.

"Fundi," alisema, "huyu anajua nilichokula asubuhi."

Walimweleza. Alielezwa habari ya ukuta na sheria yake, ya baba, ya mwaka, ya duka, ya saa nne. Aliitikia kila neno kwa kichwa, kwa huruma ya kweli, akapangusa hata chozi. Kisha akaenda akaikumbatia fremu kwa mikono miwili, na mkia wote wa jogoo ukamhamia kwenye gauni. Alisema pole mwanangu, lakini sura ya baba unayo nyumbani, anakula na kulala, utaiona tena jioni. Jogoo kama huyu atampata wapi? Watu amewaalika. Herufi ni zake, uhakika ni wake, na hamwachii mtu.

Vibao alijaribu kumwahidi mwingine. Mama Kuku akasema hataki mwingine, mwingine atakuwa na macho kama ya wale wa kibao cha jirani yake, ambao wanatazama kama wamepigwa na umeme. Hao nao walichorwa na nani? Vibao akakohoa.

Saa tatu na robo. Rangi ilikuwa inashika. Mama Udongo aligusa tena, na safari hii kidole hakikutoka chekundu chote.

Na Kobe? Alikuwa ameshaanza kukusanya brashi zake ndani ya kopo la maziwa, moja moja, kama mtu anayefunga mzigo.

Sasa mwangalie Vibao hapo. Mteja wake amefurahi. Kazi yake bora katika miaka arobaini imekumbatiwa mbele ya mashahidi. Sheria ya ukuta iko upande wake. Anachotakiwa ni kunyamaza tu, jambo ambalo, haki ya Mungu, hajawahi kulijaribu.

Hakunyamaza.

"Jicho si langu," alisema.

Mama Kuku akageuka na fremu yake.

Vibao aliangalia viatu vyake wakati wote akisema. Alisema alfajiri ile alipoanza kupaka, alifunika kila kitu haraka, kama kawaida. Alipofika kwenye jicho la yule mwanamume, brashi ilikwenda ikarudi. Ikaenda tena ikarudi. Mara tatu. Mwishowe akaona afadhali jogoo mzima apangwe kulizunguka jicho kuliko jicho kufunikwa. Kichwa akakigeuza upande, mdomo wa ndege akaushusha, shingo akaipinda, ili lile jicho likae mahali pake bila kuguswa.

"Macho ya kuku mimi nayachora kwa duara la njano na nukta nyeusi. Miaka arobaini, duara na nukta. Mnachokipenda hapo ni cha huyu binti. Ni jicho la baba yake."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale kuku alitembea katikati yao na kusimama, kama naye anasikiliza.

Mama Kuku aliishusha fremu, akaiweka mbali na kifua chake, akalitazama jicho lile upya. Kisha akaisimamisha juu ya easeli, kile kiunzi cha kuegemezea picha, taratibu, akarudi hatua mbili.

"Kumbe ndiyo maana nilipoingia nilitaka kumwamkia," alisema.

Akamwambia Vibao afute upesi.

Vibao alifuta mwenyewe, maana wangemwachia Kobe tungekuwa tunafuta mpaka leo. Alianza na uhakika. Herufi moja moja zikaondoka. Kisha miguu, na kola ya shati ikatokea na doa lake la saruji. Kifua kikaondoka na kidevu kikaja. Mkono wa mzee ulikuwa mwepesi kama wa mama anayemnawisha mtoto aliyelala, na Mama Udongo, aliyekuwa anamtilia mafuta kwenye kitambaa, aliutazama ule mkono kuliko alivyoitazama picha. Shavu la mwezi wa tatu. Sikio la mwezi wa tano. Pua, na matundu yake yote mawili.

Kitambaa kikapita mdomoni. Na tabasamu, ambalo lilikuwa na umri wa usiku mmoja, likaondoka pamoja na jogoo.

Pakabaki ukungu. Mwanamume mzima, mwenye macho na pua na masikio, na chini ya pua hana kitu.

"Pole," Vibao alisema.

"Hilo acha liende," Kobe akajibu.

Juu ya kichwa pia palikuwa na shida. Kishungi, kwa wekundu wake, kilikuwa kimeng'ang'ania. Kikabaki kivuli cha waridi juu ya paji la uso, chenye meno matano. Vibao alilowesha tena kitambaa, akainua mkono, na mlango ukafunguliwa.

Saa nne kasorobo. Baba yake Kobe ni mmoja wa wale watu wanaofika mapema ili wakukute umechelewa.

"Shikamoo, baba," Kobe alisema.

"Marahaba."

Aliingia akiwa na kofia yake mkononi. Aliruka kuku mmoja, akamzunguka wa pili, akasimama mbele ya easeli. Karakana nzima ilisikia gurudumu la Mama Udongo, ambalo hakuna aliyekumbuka kulizima.

Alijitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Kichwani nina nini?"

"Hicho kitatoka, mzee wangu," Vibao alisema. "Hicho ni changu."

Baba hakumtazama. Aliuliza swali ambalo alikuwa amelibeba mwaka mzima, na alilitoa polepole. "Imekwisha?"

Nyuma ya mgongo wake, Vibao akaitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka miwani ikamdondoka. Mama Udongo akaitikia. Hata Mama Kuku, ambaye saa moja iliyopita hakuwa akimjua binti wala baba yake, akaitikia kwa kichwa na midomo na mikono yote miwili. Sema ndiyo, mtoto wewe. Neno moja.

Kobe aliwaona wote watatu.

"Bado, baba."

Vibao akafumba macho.

"Kimebaki nini?"

"Mdomo."

"Miezi kumi na moja," baba alisema, "na mdomo hukuufikia?"

"Niliufikia. Niliuchora mara sita. Macho yako nayajua, baba. Jioni ukishafunga duka unakaa kwenye lile kasha unatenganisha misumari iliyochanganyika, unadhani hakuna anayekuona. Macho yako yanakuwa hivyo. Lakini mdomo wako..." Akapiga moyo konde. "Mdomo wako sijawahi kuuona ukiwa umefungwa."

Mama Kuku akauma ncha ya mtandio wake. Mama Udongo akageukia gurudumu, mabega yakimtikisika, na sitaki kukuhakikishia kwamba alikuwa analia.

Baba alifungua mdomo kujibu. Akaukuta wazi. Akaufunga.

Alirudi kuitazama picha, na safari hii alisogea karibu na lile jicho, mpaka pumzi yake ikaifikia kanvasi. Sijui aliona nini humo. Najua tu kwamba aliitundika kofia yake kwenye msumari wa ukutani, baada ya kuujaribu msumari kwanza kwa kidole kama mtu wa kazi, akavuta kigoda, akakaa mbele ya bintiye.

"Mwaka nilikupa," alisema. "Mdomo sikukupa. Kosa hilo ni langu, si lako. Jumatatu hutasimama kaunta. Utamaliza hiki kwanza, na mimi nitakuja hapa kila asubuhi kabla sijafungua duka, mpaka kiishe."

"Mzee wangu," Vibao alisema, akiokota miwani, "dai tarehe. Huyu usipomdai tarehe tutakuzika umekaa hivyo hivyo."

Baba akataka kujibu, akakumbuka, akabana midomo. Kobe aliona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nakuapia, alichukua brashi upesi.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini kulikuwa na mtu mmoja pale aliyetoa haki yake na bado hakuwa na kibao.

Mama Kuku alisema hayo yote ni mazuri, amefurahi, amelia, na sasa jogoo wake yuko wapi. Vibao akamwahidi mwingine kabla ya saa sita, na jicho atalichora Kobe. Mama Kuku akauliza Kobe atalichora mwaka gani. Vibao akasema duara atachora yeye na nukta atachora Kobe, nukta haiwezi kuzidi wiki. Shida ni moja tu, kanvasi imekwisha, mpaka atafutwe mtu wa kuleta.

"Si mna ukuta?" Mama Kuku aliuliza. "Iliyogeuzwa ni ya anayeihitaji, si ndivyo mlivyonieleza? Mimi naihitaji."

Na mguu wake ulikuwa tayari mwepesi. Alipita zile fremu za mbele, akaziona ndogo. Alitaka kubwa, jogoo wake apumue. Alifika kona ya mwisho, akashika ile iliyovikwa gunia la unga.

Vibao, ambaye tangu alfajiri alikuwa anasema bila koma, alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akasema ile ina mchwa. Mama Kuku akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ngo, ngo, mbao safi. Akasema mchwa wa hapa wana adabu. Vibao akaruka kuku wa kwanza, akajikwaa kwa wa pili, na alipofika, gunia lilikuwa liko chini na fremu imeshageuzwa.

Fundi Vibao asiyechora sura za watu alikuwa amechora sura ya mtu.

Haikuwa na haraka hata kidogo. Ilikuwa na subira ya mtu aliyekaa na kitu chake miezi na miaka, na masikio yalikuwa ndiyo yenyewe. Ni mwanamke kijana, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, ameinamisha kichwa upande wa kulia kidogo, kama mtu anayetaka kutania kwa sababu anaogopa. Baba yake Kobe, aliyekuwa amefunga mdomo kwa dakika nne kamili, akauacha ufunguke wenyewe.

Mama Udongo alizima gurudumu. Alitembea mpaka kwenye fremu. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akajipangusa tena, akakisogeza kidole chake mpaka pembeni chini, pale Vibao anapoandika jina na mwaka kwenye vibao vyake vyote. Akausoma mwaka ule. Akahesabu kwa midomo. Ulikuwa mwaka wa ishirini na sita kurudi nyuma.

"Miaka mitano," alisema bila kugeuka. "Tulionana pale mlangoni, miaka mitano iliyopita. Mwaka huu ulioandika hapa, sisi tulikuwa hatujuani."

Vibao aliliokota gunia sakafuni. Alilikunja mara mbili, tena mara nne, mpaka likawa dogo kama leso, na hapakuwa na la kukunja tena.

"Wewe ndiye uliyekuwa hunijui," alisema.